Wa Nne Kwenye Ukungu

Ujumbe uliingia saa kumi kasoro, wakati Kengele amelala chali chini ya baiskeli ya muuza maziwa, ameshika spana kwa meno na anaimba kupitia hiyo hiyo spana.

Kengele lilikuwa jina lake la karakanani. Fundi huyu alifunga kengele za watu wote mjini, lakini ya kwake hakuwa nayo. Alisema mdomo wake unatosha, na wote waliowahi kuponea chupuchupu mbele ya gurudumu lake walikiri kwamba kweli, unatosha na chenji inabaki.

Shemeji yake, mume wa mdogo wake wa mwisho, aliingia mbio huku ameshika simu kwa mikono miwili kama aliyebeba sufuria ya moto.

"Shemeji! Nimezaa!"

Kengele akatoa spana mdomoni. "Wewe?"

"Mdogo wako! Wa kike! Tangu jana usiku, mtandao ndiyo kwanza umerudi!"

"Aa. Nilitaka kushangaa, maana hilo tumbo lako nililijua siku zote ni la wali."

Walicheka, wakakumbatiana, grisi yote ikahamia kwenye shati la Shemeji, shati jeupe la karani wa duka la rangi. Kisha wakaacha kucheka kwa pamoja, kwa sababu wote wawili walikumbuka mlima.

Mke wa Shemeji alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama mzazi, upande wa pili. Kufika huko ni kupanda barabara ya mlima yenye kona ishirini na moja, ukautoboa uwanda wa juu, ukateremka hadi ufukweni mwa ziwa. Siku tisa zilizopita mvua iliporomosha udongo kule kwenye mteremko, ikaifunga barabara. Gari halipiti. Pikipiki haipiti. Baiskeli peke yake ndiyo unaweza kuibeba begani ukatambaa nayo juu ya tope kama mjusi.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake mwenyewe.

"Kaka, mlete. Leo."

"Kesho asubuhi si bora? Tukapanda na jua..."

"Leo, kaka." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku akiangalia nyuma. "Sijui nikwambieje. Sitaki kulala usiku mwingine ndani ya nyumba hii bila yeye. Huyu mtoto analia... analia kama anaita mtu. Mlete mume wangu. Mzima. Umenisikia?"

"Nitamleta mzima. Nikimpunguza hata ukucha, nitakuongezea wa kwangu."

Hakucheka. Kengele alipokata simu, mikono ilikuwa inamwasha. Akaanza kuzunguka karakana akishika hiki na kuacha kile, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Shemeji mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa shule ya msingi, na alianguka. Kumpitisha mlimani mtu kama huyo kulihitaji Mwalimu.

Mwalimu alikuwa amestaafu kufundisha michezo, ila michezo yenyewe haikupata taarifa. Kila Jumamosi aliongoza waendesha baiskeli kupanda mlima ule, filimbi shingoni, misuli ya miguu imekaza kama mizizi. Alipoelezwa shida akatazama juu.

"Mlima umevaa kofia," akasema. Wingu lilikuwa limeketi juu ya kilele.

"Tutaufumania hivyo hivyo," akasema Kengele.

"Ukungu ule si wa kuchezea. Nitawapeleka kwa sharti moja. Tunahesabu."

Chini ya mlima, wakiwa bado kwenye jua, akamweleza Shemeji sheria ya hesabu. Kwenye ukungu mtu haoni hata gurudumu lake. Kwa hiyo kila kona, wa mbele anapaza sauti: moja. Anayefuata: mbili. Wa mwisho: tatu. Namba moja ndiye anayechagua njia, wengine wanafuata sauti. Namba ikikosekana, au ikitajwa mara mbili, wote wanafunga breki papo hapo. Mguu chini. Haondoki mtu mpaka hesabu ikamilike.

"Mimi moja, wewe mbili, Kengele mkiani," akamaliza. "Tujaribu. Moja!"

"Mbili," akasema Shemeji, akitetemeka.

"Tatu!" akanguruma Kengele. Kisha akaona jinsi Shemeji alivyopauka, akataka kumchangamsha. Akabana pua, akalegeza taya, akatoa sauti ya bibi kizee mwenye jino moja:

"Nneee..."

Shemeji akaangua kicheko. Kengele akajipongeza.

Mwalimu hakucheka. Alishuka kwenye baiskeli, akarudi nyuma taratibu, akasimama karibu sana na uso wa Kengele.

"Usimtengenezee nafasi mtu ambaye hayupo," akasema kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, ni utani tu..."

"Usirudie."

Wakapanda.

Kona nne za kwanza zilikuwa za miguu tu. Mapaja yanawaka, pumzi zinakwaruza. Kona ya tano ziwa, ambalo linauzunguka mlima, likafunguka upande wa kushoto, lote, bila kuombwa. Lilikuwa limelala chini kule kama bati jipya, jua likilipaka rangi ya chungwa, visiwa viwili vimekaa katikati kama viboko vinavyoota joto. Shemeji akasimama kupiga picha. Kona ya saba akapiga nyingine. Kona ya nane akasema mandhari kama haya yanamfanya mtu asahau miguu yake.

"Mimi yangu siisahau," akasema Kengele. "Inanitukana kila mzunguko."

Kona ya tisa, ukungu ukawameza.

Haukuja polepole. Ulikuwa haupo, kisha ukawa ndiyo dunia yenyewe. Ziwa likafutika. Mwalimu akafutika. Kilichobaki mbele ya Kengele ni taa ndogo nyekundu, ile aliyoifunga kwa mkono wake nyuma ya baiskeli ya Shemeji.

"Moja!" Sauti ya Mwalimu, mbali.

"Mbili!" Shemeji.

"Tatu!" Kengele.

Kimya. Matone yakidondoka kutoka kwenye mwamba. Kisha, nyuma ya kisogo chake kabisa...

"Nneee."

Nywele zikamsimama hadi za mikononi.

"Kengele!" Mwalimu akafoka kutoka mbele. "Nilikwambia nini?"

"Si mimi!"

"Si wewe nani?"

Swali zuri. Kengele hakuweza kugeuka nyuma kuona. Shingo ilikataa. Akakanyaga pedali kwa nguvu. Ndipo akasikia.

Kriiik... kriiik... kriiik...

Ufundi ni ugonjwa. Hata kwenye hofu unachambua. Masikio yake yakamwambia: mnyororo mkavu, haujaonja mafuta miaka na miaka. Friwili, gia ya gurudumu la nyuma, imeshika kutu. Na ule mkwaruzo wa chini, ule mlio wa chuma juu ya lami... hiyo baiskeli haina matairi. Inatembelea rimu tupu. Mwinuko kama huu, na haikuwa na haraka. Kriiik. Kriiik. Kama mtu anayekwenda kwenye kazi anayoijua.

Harufu ikafuata. Matope ya ziwani, yale ya chini kabisa. Na ndani yake, dawa kali ya kuoshea mikono, ya hospitali.

Kona ya kumi. Kona ya kumi na moja. Kila mara namba nne iliitika kabla hajamaliza kutamka tatu, kwa sauti ile ile ya jino moja aliyoibuni yeye mwenyewe chini ya mlima. Mwalimu hakufoka tena. Pengine alikuwa ameanza kuelewa. Au pengine hakutaka kuelewa.

Kona ya kumi na mbili ule mlio ukasogea. Ukaja ubavuni, upande wa kushoto. Upande wa ziwa. Kengele alikuwa ameendesha ukingoni kabisa mwa lami. Kushoto kwake hapakuwa na barabara. Palikuwa na hewa, na chini ya hewa, genge.

Kitu kikapita huko.

Taa nyekundu ya Shemeji ikazibwa na mgongo mpana, mweusi, uliolowa. Ikaonekana tena. Ikazibwa.

"Moja!" Mwalimu.

"Mbili!" Shemeji.

Kengele akafungua kinywa.

"Tatu," ikasema sauti ile, mbele yake.

Kinywa kikabaki wazi. Sasa ilikuwa imebaki nne peke yake ya yeye kuitika, na alijua ni ya nani. Akaimeza. Ikashuka kooni kama kokoto.

Akangoja wenzake wasimame. Namba yake haijasikika, si ndiyo sheria?

Hawakusimama. Wangesimamaje? Walikuwa watu watatu, na namba tatu zimeitika. Hesabu ilikuwa kamili. Taa nyekundu ikaanza kumwacha.

"Oya!" akapiga kelele. "Shemeji! Ngojeni!"

Ukungu ukayala maneno yake. Mdomo ule uliowahi kuwakimbiza ng'ombe barabarani ulitoa sauti kama ya mtu aliyefunikwa blanketi.

Akainuka kwenye kiti, akakanyaga. Hakuwahi kupanda mlima namna ile hata enzi za ujana. Jasho na ukungu vikachanganyika machoni. Kichwani mlikuwa na sentensi moja tu, ya mdogo wake: mlete mzima, mlete mzima, mlete mzima, kila pedali neno.

Kona ya kumi na sita.

"Moja!" Mwalimu.

"Mbili," ikasema sauti ile.

"Tatu." Huyo alikuwa Shemeji. Lakini aliitamka bila uhai, kama karani anayesoma orodha ya makopo ya rangi.

Inasogea mbele, Kengele akawaza. Inapanda namba.

Kisha akajua inakokwenda.

Juu ya kona ya ishirini na moja palikuwa na njia panda. Kulia, barabara mpya. Kushoto, barabara ya zamani, ya mkato, iliyokuwa ikichungulia ziwa moja kwa moja hadi ilipokatika na kuporomoka. Siku zote palizibwa na mapipa ya lami. Lakini wiki hii watengeneza barabara walikuwa wameyachukua mapipa yale kwenda kuyaweka kwenye maporomoko mapya. Kengele aliyaona kwa macho yake yakipakiwa. Hata alitania kwamba mapipa nayo yamepata uhamisho.

Na namba moja ndiye anayechagua njia.

Kona ya ishirini. Hakusikia hesabu, alisikia moyo wake tu. Kona ya ishirini na moja... ardhi ikalala, upepo ukampiga usoni, akaiona taa nyekundu hatua thelathini mbele.

"Moja," ikasema sauti ya bibi.

"Mbili," akasema Mwalimu, mtu ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kuwa mbili ya yeyote.

"Tatu," akasema Shemeji.

Taa ikakata kushoto.

Kengele akasikia matairi yao yakihama kutoka kwenye lami laini kwenda kwenye changarawe. Breki za Shemeji alizifunga yeye. Alijua uwezo wake na alijua mwisho wake. Akaita jina la mtu huyu. Akaita jina la yule. Akafoka, akalia, akatukana. Hakuna aliyegeuka. Kwenye ukungu mwendesha baiskeli hasikii majina. Husikia namba tu.

Akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"MOJAAA!"

Ikatoka kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kengele, na mlima ukairudisha mara tatu.

Namba imetajwa mara mbili.

Miaka yote ya Jumamosi ikaamka ndani ya mikono ya Mwalimu. Breki zikalia. Mguu chini. Shemeji akamgonga kwa nyuma, wakaanguka wote wawili, baiskeli zikawalalia. Gurudumu la mbele la Mwalimu likabaki linazunguka juu ya utupu, tik tik tik, na mawe yakadondoka chini... chini... Hawakuyasikia yakifika.

Lakini ule mnyororo haukusimama.

Kriiik... kriiik...

Ulikwenda mbele, palepale barabara ilipokuwa zamani. Haukushuka. Haukuanguka. Ulivuka hewani juu ya ziwa, tambarare kabisa, kwa mwendo wake wa mtu mwenye kazi. Walikaa wakiusikiliza hadi ukungu ulipoufunika.

Shemeji ndiye aliyeongea kwanza. "Kwa nini tumelala chini?"

Hakukumbuka chochote tangu kona ya kumi na mbili.

Walirudi kwenye lami wakitambaa. Mwalimu alijaribu kuwasha tochi, akashindwa, Kengele akamwashia.

"Mwalimu. Nani yule?"

Mzee alifuta miwani kwa shati lililolowa, ikazidi kuchafuka. "Zamani, kabla hawajachonga hii mpya. Jioni kama hii. Kuna mama alikuwa anajifungua upande wa pili, tukawa tunampeleka mkunga. Tulikuwa wanne. Yeye alikuwa nyuma, na mkoba wake wa dawa." Akaitazama njia ya kushoto. "Ukungu ukashuka. Tukawa tunaitana kwa namba, kujifurahisha tu, haikuwa sheria bado. Kona moja, namba nne haikuitika."

"Mkasimama?"

"Mimi nilikuwa tatu. Nikadhani amechoka kupiga kelele." Akavaa miwani. "Siku ya pili baiskeli ikaonekana chini kule. Rimu tupu. Yeye hawakumpata."

"Na yule aliyekuwa anajifungua?"

Mwalimu alishika usukani wake. "Twende. Giza linaingia."

Waliteremka kwa breki, bila kuhesabu, wakishikana mashati kama watoto wa chekechea. Kwenye maporomoko walibeba baiskeli begani, tope hadi magotini. Chini kidogo ukungu ukakatika, ziwa likarudi, likiwa na mwanga wa mwisho wa jioni juu yake, zuri vilevile, kana kwamba halikuwa na habari.

Taa za nyumba ya mama zilikuwa zimewashwa zote. Mdogo wake alimrukia mumewe mlangoni, akamshika masikio, akamshika mabega, akamhesabu viungo. Mzima. Mama akamkalisha Mwalimu kwenye kochi, na Mwalimu akasinzia kabla kikombe hakijamfikia. Shemeji akaingizwa chumbani kumwona binti yake.

Kengele alibaki uani. Fundi haingii ndani minyororo ikiwa na tope. Na pia mikono yake ilihitaji kushika kitu. Akaziegemeza baiskeli ukutani, akaomba kitambaa, akaanza kufuta. Utani ulianza kumrudia. Alikuwa tayari anatunga jinsi atakavyosimulia karakanani, na ndani ya simulizi hiyo yeye alikuwa jasiri kidogo zaidi.

Mdogo wake akatoka na chai, akampa kikombe.

"Ahsante, kaka. Umenitoa mbali." Akaketi kwenye kizingiti. Uso ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza. "Na mlifanya la maana kumtanguliza yule mama."

Kitambaa kikasimama. "Mama gani?"

"Mkunga. Si mliongozana naye? Kafika kama robo saa kabla yenu, kalowa chapachapa, maskini. Anasema alipita njia ya mkato."

Chai ilianza kumwagika kidogo kidogo juu ya kidole cha Kengele. Hakuhisi.

"Mtoto tangu jana alikuwa analia, hanyonyi, halali," mdogo wake akaendelea. "Yule mama kampakata tu, kimya. Ana mkono mwema. Ila ana neno moja linanichosha. Kila baada ya muda ananiuliza, wa nne amefika? Nikamwambia yuko nje, anafuta minyororo. Akasema basi vizuri, akiitika tu, wanaondoka."

"Wanaondoka?" Kengele akanong'ona. "Yeye na nani?"

Mdogo wake akageuka kulitazama dirisha la chumbani. Ilionekana kwamba swali hilo halikuwa limempitia akilini.

Dirisha la chumbani lilikuwa hatua tatu kutoka walipokuwa. Pazia lilikuwa limeshushwa. Harufu ya dawa ya kuoshea mikono ilikuja na upepo.

"Moja," ikasema sauti ya bibi mle ndani.

"Mbili," akasema Shemeji, bila uhai.

Kisha mtoto akalia. Mara moja tu. Kifupi. Kama aliyeulizwa.

Halafu nyumba nzima ikanyamaza, kimya cha watu waliosimama mguu mmoja chini, wanamngoja wa mwisho.

"Kaka?" Mdogo wake alikuwa amemshika mkono, kucha zimezama. "Kaka, wanakungoja wewe?"

Kengele alitupa kikombe. Akauziba mdomo wake kwa mikono yote miwili, ile ile yenye tope na grisi, akaubana kwa nguvu zote, kwa sababu neno lile lilikuwa limekwisha panda, kokoto ile ile, na lilikuwa linasukuma meno kutoka ndani.